Daftari la Mshika Fedha: Upinzani, Mapato na Watoto wa Mpira wa Jadida

Fedha za klabu ndogo za mpira wa miguu kisiwani Pemba hazifuati mwaka wa hesabu wala mpango uliopitishwa na mkutano mkuu. Hufuata ratiba ya mechi za wapinzani. Daftari la klabu ya mtaa katika mji wa Wete, likifunguliwa na mtu anayejua kusoma hesabu, huonyesha kurasa zilizojaa majina ya wachangiaji katika wiki moja au mbili kabla ya kukutana na klabu jirani, na kurasa karibu tupu katika miezi mirefu ambayo watoto hufanya mazoezi ya jioni bila mipira ya kutosha. Makala haya yanaichunguza tabia hiyo kwa kutumia kumbukumbu za mwandishi wake, aliyekulia Jadida, akachezea timu za watoto za mtaa, na baadaye akachaguliwa kuwa mshika fedha wa klabu moja, yaani mtu anayepokea michango, kutoa malipo na kusimama mbele ya wanachama kueleza kilichobaki. Hoja inayotetewa ni kwamba upinzani ndio mtaji mkubwa kuliko wote ambao klabu maskini inao, na kwamba mtaji huo huo, usipowekewa utaratibu, huidhoofisha klabu mahali inapozaliwa, yaani kwa watoto wake.

Jadida ni shehia ya mji wa Wete, katika Mkoa wa Kaskazini Pemba, na shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha. Pamoja na Limbani, Bopwe, Kipangani, Utaani na Selem, imo katika mji mdogo ambao watu wake hukutana skuli, msikitini, sokoni na bandarini, na kwa sababu hiyo mpinzani wa mpira huko hawezi kuwa mtu wa mbali. Beki wa timu ya pili huwa ni mtoto wa ami, muamuzi huwa ni maalim aliyewafundisha wachezaji wa pande zote mbili, na mfadhili wa klabu jirani huweza kuwa ndiye mwenye duka anayemkopesha unga mama wa golikipa. Juu ya timu za mitaa zilisimama Jamhuri na Mwenge, klabu zilizolibeba jina la Wete nje ya mji, na nyumba moja ya Jadida iliweza kugawika kati yao, baba upande huu na wanawe upande ule, bila ya mtu kuona ajabu.

Mtoto aliyependa mpira alipanda ngazi kwa mpangilio uliojulikana na kila mzazi: alianza katika daraja la Juvenile, akapanda Junior, kisha Central, ambayo yote ni mashindano ya vijana yaliyopangwa kwa kufuata umri na kusimamiwa na kamati zake, na ndipo akaingia katika madaraja ya watu wazima hadi Ligi Kuu ya Zanzibar. Mfumo huo unastahili heshima kubwa kuliko unavyopewa, kwani miaka mingi kabla ya watu wa Bara kuanza kuzungumza juu ya akademia, visiwa hivi tayari vilikuwa na mashindano ya vijana yaliyofika hadi vitongojini. Hata hivyo uliegemea kazi isiyolipwa. Kocha wa Juvenile alikuwa seremala au maalim wa skuli aliyekuja uwanjani akiwa bado na vumbi la kazi, jezi zilifuliwa na mama wa mchezaji mmojawapo, na njumu, ambazo ni viatu vya mpira vyenye meno chini, zilirithiwa kutoka kwa kaka mpaka kwa mdogo wake hadi zikaisha. Kazi hiyo haikuingia katika daftari lolote, na kwa kuwa haikuandikwa, viongozi waliifanyia hesabu kana kwamba haina gharama.

Mapato yaliyoandikwa yalikuwa machache. Ilikuwepo ada ya uanachama, ambayo wengi waliilipa mara moja, siku ya kuchukua kadi, wasirudi tena. Kilikuwepo kiingilio, yaani malipo ya mlangoni, ambacho wasiojua mazingira ya Pemba hudhani ndicho nguzo ya klabu; lakini mechi nyingi za Wete zilichezwa katika viwanja vilivyo wazi, kama kile cha Finya, ambapo mtazamaji husimama popote apendapo, na penye ukuta na milango, kama Gombani mjini Chake Chake, klabu ilipaswa kwanza kuwasafirisha wachezaji wake kiasi cha kilomita 30. Yaliyobaki yalitoka kwa mfadhili na kwa michango, na vyote viwili vilitegemea karafuu.

Uhusiano wa karafuu na mpira wa Pemba haujaandikwa vya kutosha, ingawa kila mshika fedha anaujua. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ndilo lenye haki ya kununua zao hilo kwa mkulima, na baada ya bei kupandishwa mwaka 2011, kilo moja ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa miaka kadhaa kwa shilingi 14,000, kiasi kilichomwezesha mtu mwenye mashina machache ya mikarafuu kuezeka nyumba, kuoza mtoto na kununua seti ya jezi katika msimu mmoja. Mikarafuu lakini haizai sawa kila mwaka: msimu mkubwa hufuatwa na msimu hafifu, na ratiba ya ligi haingoji. Katika daftari la klabu ya Jadida, mbele ya majina ya wachangiaji wengi paliandikwa maneno “baada ya karafuu”, na ahadi hizo, ambazo zilitolewa kwa nia njema kabisa, zilihesabiwa na kamati kuwa fedha zilizopo. Klabu ilikopa dukani kwa kuzitegemea, mvua ikaharibu karafuu zilizoanikwa, na deni likabaki kwa jina la klabu huku wachangiaji wakiona haya kupita mbele ya duka. Mkono mtupu haulambwi, na klabu isiyo na akiba haina namna ya kumwambia muuza jezi angoje mwaka wenye mazao.

Wiki ya kukutana na mpinzani ilibadilisha kila kitu. Watu ambao hawakuonekana tangu msimu uliopita walikuja barazani baada ya sala ya isha, kila mmoja akataja kiasi chake kwa sauti ili wenzake wasikie, na kiasi kilichokusanywa usiku mmoja kiliweza kuzidi ada za mwaka mzima. Jamaa waliohamia Muscat, Dubai na London walipiga simu na kutuma fedha kwa ndugu zao, kwani Mpemba aliyeko ughaibuni huweza kukosa habari za bei ya samaki lakini hakosi habari kwamba timu ya mtaa wao inacheza Jumapili. Fedha hizo zilikwenda wapi ni jambo linalohitaji kuelezwa bila kuficha. Sehemu kubwa ilimalizwa na kambi, ambayo ni desturi ya kuwaweka wachezaji katika nyumba moja kwa siku kadhaa, wale na kulala pamoja wasije wakarubuniwa. Sehemu nyingine ilikuwa posho, nauli na zawadi ya ushindi. Nyingine ililipwa kwa mamluki, yaani wachezaji wa klabu nyingine wanaokodiwa kwa mechi moja. Na nyingine ilitolewa kwa waganga, bila stakabadhi, kwa mkono wa mtu ambaye mkutano haukumchagua. Mshika fedha aliandika “matumizi mengineyo” na mkutano ukapitisha.

Mwandishi anazikumbuka wiki hizo kwa mapenzi, na hilo lisemwe wazi kwa sababu wako wanaodhani dawa ni kuufuta upinzani. Bila ya mpinzani wa mtaa wa pili, klabu ya Jadida isingeishi hata miaka michache, kwani hakuna mwanachama aliyewahi kuuza mbuzi wake ili watoto wapate koni za mazoezi, lakini wako waliouza ili wasiaibike mbele ya Limbani au Kipangani. Upinzani ndio uliowafanya vijana waamke alfajiri kukimbia, wazee wakumbuke matokeo ya miaka iliyopita kwa usahihi kuliko tarehe za harusi zao, na wanawake wa mtaa wapike wali wa kambi kwa zamu bila kuombwa mara mbili. Katika miaka ambayo siasa za vyama vingi ziliwatenga majirani wa Pemba hadi watu wakachagua maduka na hata misiba ya kwenda, baraza la klabu lilibaki mahali ambapo waliopiga kura tofauti walikaa bega kwa bega wakibishana juu ya winga wa kushoto. Kitu chenye nguvu kama hiyo hakifutwi, kinatakiwa kuelekezwa.

Madhara yake yalionekana zaidi pale upinzani wa watu wazima uliposhuka kwa watoto. Kocha wa Central aliyeambiwa na viongozi kwamba kushindwa na klabu jirani ni fedheha ya mtaa mzima alikuwa na njia mbili, ya kufundisha kwa subira au ya kutafuta kijeba, na kijeba katika lugha ya viwanjani ni mchezaji aliyepita umri anayechezeshwa na watoto kwa cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine au kilichobadilishwa. Klabu iliyoshinda kwa vijeba ilipata kombe na mchele wa sherehe, lakini mtoto wa kweli wa miaka kumi na minne alikaa benchi msimu mzima, akachoka, akaingia katika uvuvi au akapanda boti kwenda Unguja kutafuta kibarua. Hasara ya pili haikuonekana hadi miaka mingi baadaye: mchezaji ambaye kumbukumbu zake za utotoni zina umri wa uongo hawezi kudai wala kudaiwa chochote kwa njia ya halali, na klabu iliyomlea haina karatasi inayoweza kuthibitisha malezi hayo mbele ya mtu yeyote.

Kwamba kisiwa hiki kinaweza kutoa mabingwa ni jambo lililothibitishwa. Jamhuri ya Wete ilitwaa ubingwa wa Zanzibar mwaka 2003, na Super Falcon, nayo ya Pemba, ikautwaa mwaka 2012. Mara zote mbili ushindi ulipatikana na klabu za uraiani, yaani klabu za wanachama wa kawaida zisizo chini ya kikosi cha serikali. Kisichowezekana hadi sasa ni kuudumisha ushindi huo. Klabu ya Pemba inayocheza Ligi Kuu ya pamoja hulazimika kuvuka bahari kwenda Unguja mara nyingi kwa msimu, ikiwa na wachezaji, makocha na viongozi wanaohitaji tiketi za meli, mahali pa kulala na chakula, ilhali klabu ya Unguja huvuka mara chache kwa kuwa klabu nyingi ziko upande wake. Zilikuwepo nyakati ambapo ligi iligawiwa kwa kanda, Unguja peke yake na Pemba peke yake, kisha walio bora wakakutana katika hatua iliyoitwa Nane Bora, na utaratibu huo uliwapunguzia viongozi wa Pemba mzigo wa nauli lakini ukawanyima wachezaji wao mechi ngumu walizozihitaji ili wakue. Kila njia ilikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na upande ule ule.

Ugumu wa pili unatokana na vikosi. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, Jeshi la Kujenga Uchumi, JKU, Kikosi cha Valantia, KVZ, Zimamoto na Chuo cha Mafunzo vyote vina timu zao, na mchezaji anayejiunga nazo huweza kupata ajira, sare, mshahara wa kila mwezi na pensheni. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2024 ubingwa wa Zanzibar ulitoka mikononi mwa timu za vikosi mara moja tu, Mlandege ilipoutwaa mwaka 2020. Haifai kuwalaumu wachezaji wanaokwenda huko. Kijana wa Jadida ambaye baba yake ni mvuvi na ambaye ana wadogo wa kusomesha angekuwa mjinga kukataa ajira ya kudumu kwa ajili ya zawadi ya ushindi isiyojulikana italipwa lini, na klabu iliyomlea ingekosa ubinadamu ikimzuia. Lakini vikosi hupata kijana aliyekwisha kufundishwa kwa miaka kumi, na klabu ya mtaa hupata taarifa tu kwamba Jumatatu hatakuja mazoezini. Huko aendako uwanja huwa na mishahara na watazamaji wachache, na huku alikotoka huwa na watazamaji wengi wasio na kitu mfukoni. Pengo hilo kati ya mahali fedha ilipo na mahali mapenzi yalipo ndilo tatizo kuu la kiuchumi la mpira wa Zanzibar, kuliko hata ubovu wa viwanja.

Ng'ambo ya bahari, fedha za mpira wa Bara zimekua kwa kasi ambayo mshika fedha wa Wete huisikia redioni kama habari za nchi nyingine. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitiliana saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na kabla ya hapo, mwaka 2017, Mohammed Dewji alikuwa ametoa ahadi ya shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa za Simba. Kinachovutia ni kwamba thamani hiyo yote imejengwa juu ya upinzani wa mtaani, kwani Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936, zilikuwa klabu za vijana wa Dar es Salaam walioishi karibu karibu, na utani wao wa jadi ndio ambao kampuni za matangazo na za kubashiri matokeo hulipia hadi leo. Baraza za Jadida nazo zimegawika kati ya klabu hizo mbili, na siku ya mechi yao mabanda ya kuonyeshea mpira hujaa watu wanaolipa bila kunung'unika kiingilio ambacho uwanjani Finya wasingelipa. Mapenzi ya Pemba yana thamani sokoni. Ila thamani yake huingizwa katika hesabu za watu wengine.

Hali haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa Ligi ya Muungano, ambapo klabu za Zanzibar na za Bara zilipigania ubingwa mmoja, KMKM iliutwaa mwaka 1984 na Malindi ikautwaa mwaka 1989 na 1992. Malindi hiyo hiyo ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995, mwaka ambao timu ya taifa ya Zanzibar ilishinda Kombe la Chalenji, yaani kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Katika miaka hiyo mpinzani wa klabu ya Zanzibar alikuwa klabu ya Bara, na mfanyabiashara wa Mji Mkongwe alikuwa na sababu ya kufungua mfuko wake. Ligi hiyo ilipokoma, upinzani ulirudi kuwa wa ndani ya visiwa, na fedha zikapungua nao. Kombe la Muungano lililofufuliwa mwaka 2024 lilichezwa Gombani mwaka uliofuata, Yanga ikaishinda JKU 1-0 katika fainali, na miezi michache kabla yake, tarehe 13 Januari 2025, uwanja huo huo ulishuhudia timu ya taifa ya Zanzibar ikiifunga Burkina Faso 2-1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Waliokuwepo Chake Chake siku hizo waliona gari za abiria zikitoka Wete, Mkoani na Micheweni zikiwa zimejaa, wauza urojo wakimaliza sufuria zao mapema, na nyumba za wageni zikikosa nafasi. Uwezo upo, na hauhitaji kuombewa.

Kikwazo kingine kiko nje ya uwezo wa klabu yoyote. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, shirikisho la mpira la dunia, na inahudhuria huko kupitia TFF. Kwa upande wa Afrika, CAF iliipa uanachama kamili mwezi Machi 2017 mjini Addis Ababa, kisha ikauondoa mwezi Julai mwaka huo huo mjini Rabat, kwa hoja kwamba uanachama wa mashirikisho mawili ndani ya dola moja haukubaliki, ingawa klabu zake bado hushiriki mashindano ya Afrika. Tofauti hiyo si ya heshima peke yake. Katika mpango wa maendeleo wa FIFA uitwao Forward, kila shirikisho mwanachama liliwekewa hadi dola milioni 8 kwa kipindi cha 2023 hadi 2026, na Zanzibar, iliyocheza fainali ya Chalenji ya 2017 dhidi ya Kenya na kushindwa kwa mikwaju ya penalti tu, haina fungu lake katika mgao huo isipokuwa kile kinachopitia kwa wengine.

Pamoja na hayo, sheria za FIFA zina mlango mmoja ambao klabu ya mtaa inaweza kuukaribia, nao ni malipo ya mafunzo. Yapo ya aina mbili. Fidia ya mafunzo hulipwa kwa klabu zilizomlea mchezaji pale anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na huendelea kudaiwa katika uhamisho wa namna hiyo hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Kwa klabu za daraja la nne barani Afrika, kiwango kimewekwa kuwa dola 2,000 kwa kila mwaka wa malezi. Mchango wa mshikamano, ambao ni aina ya pili, hukatwa asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa na kugawiwa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi kufika miaka 15 na asilimia 0.5 kwa kila mwaka baada ya hapo. Kwa hesabu hiyo, kijana aliyekaa katika klabu moja ya mtaa tangu ana miaka 12 hadi 18, akiuzwa nje kwa dola 100,000, huiletea klabu hiyo dola 2,500, sawa na zaidi ya shilingi milioni 6. Kwa klabu ya Ulaya hicho si kitu. Kwa klabu ya Jadida ni mipira, njumu na posho ya kocha wa Juvenile kwa misimu kadhaa.

Mbwana Samatta, aliyepitia African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020, ndiye aliyewafanya viongozi wengi wa klabu ndogo nchini waulize kwa mara ya kwanza malipo hayo hupatikanaje. Jibu limo katika usajili. Tangu mwezi Novemba 2022 malipo hayo hupitia katika ofisi ya FIFA iliyoko Paris, ambayo hutegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa tangu akiwa na miaka 12, inayotengenezwa kutokana na kumbukumbu za mashirikisho wanachama. Klabu ambayo usajili wake uliishia katika daftari la katibu, au haukufanywa kabisa kwa sababu ada yake ilitumika kulipia kambi, haionekani katika orodha hiyo hata kama mji mzima unajua kwamba mtoto alijifunzia hapo. Kwa klabu za Pemba kazi huwa ndefu zaidi, kwani jina lazima litoke klabuni, lifike katika shirikisho la Zanzibar, ZFF, na kutoka hapo liingie katika mfumo wa kitaifa.

Katika miaka ya mwisho ya mwandishi katika kamati, hoja hiyo ilipelekwa kwenye mkutano wa wanachama kwa namna ambayo kila mtu aliielewa: fedha yoyote itakayochangwa kwa ajili ya mechi ya mpinzani itakatwa theluthi moja kabla ya kutumika, na theluthi hiyo itakwenda katika nakala za vyeti vya kuzaliwa, ada za usajili wa watoto na mipira yao. Ubishi ulikuwa mkali. Mzee mmoja, aliyekuwa mchangiaji mkubwa tangu zamani, aliwaambia vijana wa kamati, “Wanangu, mimi natoa fedha ili Jumapili nilale vizuri, hao watoto watalelewa na wazazi wao,” na kauli hiyo iliungwa mkono na wengi kwa sababu ilikuwa ya kweli. Mtu huchangia kile kinachomgusa. Hoja ilipita kwa kura chache. Wafadhili wawili waliacha kuchangia, kambi ikafupishwa, mamluki hawakukodiwa, na klabu ikashindwa katika mechi ya mpinzani, jambo ambalo wapinzani walilitangaza kwa ngoma hadi usiku.

Watoto walisajiliwa. Baadhi ya wazazi, ambao kabla ya hapo hawakuwahi kukanyaga barazani, walikuja na vyeti mkononi na kuuliza kwa nini jina la mtoto limeandikwa kwa herufi tofauti na za skuli, na masahihisho hayo madogo yalichukua kazi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mzee aliyepinga alirudi kuchangia msimu uliofuata, akishikilia kwamba theluthi ni nyingi na robo ingetosha, na pendekezo lake lilikubaliwa kwa kuwa robo ya mfuko wenye watu ni kubwa kuliko theluthi ya mfuko uliokimbiwa. Lililobaki bila kuamuliwa ni nauli ya katibu anayepaswa kwenda Unguja kuhakikisha kwamba majina yaliyotumwa yameingia katika mfumo, kwani kamati ya mashindano inasema hiyo ni gharama ya watoto, na kamati ya vijana inasema ni gharama ya ofisi.